Ganzi si nusu kaputi, wala si Panadol

Kutoka Koboko hadi Busia, huku Uganda, mwanamke anayetaka kuwekewa kitanzi, kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya kizazi, huuliza kwanza: "Kunauma?" Majibu anayopewa ndiyo yaliyoleta maandishi haya. Mmoja humwambia, "Usiogope dada, utapewa ganzi," halafu analetewa vidonge viwili vya Panadol na kikombe cha maji. Mwingine humwambia, "Ganzi hapa hakuna, hiyo ni mambo ya hospitali kubwa," na kumbe anazungumzia nusu kaputi. Neno ni moja, kila mdomo unalipa maana yake, na anayelala juu ya kitanda cha uchunguzi hajui ameahidiwa nini.

Maana zenyewe hazina ugumu. Dawa ya maumivu, kama paracetamoli au ibuprofeni, hupunguza uchungu bila kuondoa hisia. Ukiguswa unajua umeguswa. Ganzi, ya kudungwa au ya kupakwa, huua hisia kwenye sehemu moja tu ya mwili, na mwenyewe yuko macho, anaongea. Dawa ya kutuliza humlegeza mtu asinzie na hofu ipungue, lakini akiitwa jina anaitika. Nusu kaputi humlaza kabisa, haitiki wala hakumbuki kitu. Ni vitu vinne, na dawa ya maumivu haiwi ganzi kwa kuongezwa nguvu. Panadol kumi hazifanyi ganzi. Zinaweza kuharibu ini.

Sasa neno lenyewe. Ganzi ni neno la nyumbani, lilikuwapo kabla ya zahanati kuwapo. Makao yake ya zamani ni mdomoni: ukila embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka ukashindwa kutafuna hata mkate, meno yametiwa ganzi. Ukikalia mguu mkekani kwa muda mrefu, ukisimama unachechemea huku unahisi vichomo vidogovidogo, mguu umekufa ganzi. Tazama ni nini kinachokufa ganzi: jino, mguu, kidole. Ni kiungo. Mwenye kiungo yupo palepale, anacheka na kulalamika. Ukisikia kwamba fulani "alikufa ganzi aliposikia habari ile," hapo lugha inapambwa tu, hakuna aliyedungwa sindano.

Nusu kaputi ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Nusu ni ya Kiarabu, tumeizoea. Kaputi ni *kaputt* ya Wajerumani, yaani iliyoharibika, iliyokwisha, na Wajerumani nao waliitoa kwa Wafaransa, ambao katika mchezo wa karata humwita *capot* mtu aliyemaliza bila kupata hata mkono mmoja. Uganda haikutawaliwa na Wajerumani, kwa hiyo neno lilivuka mpaka likiwa limeshavaa kanzu ya Kiswahili. Anayepigwa nusu kaputi ni mtu mzima, si kiungo chake. Amekwisha nusu, akarudi. Kiswahili kimetenga mambo haya mawili vizuri kuliko lugha nyingi.

Anayeyachanganya ni Kiingereza. Musawo, yaani mhudumu wa afya, husomea Kiingereza, na katika Kiingereza sindano ya mahali pamoja na dawa ya kumlaza mtu zote huitwa *anaesthesia*, neno lililopendekezwa mwaka 1846 na daktari wa Boston, Oliver Wendell Holmes. Baadaye wakalazimika kuliongezea maneno mbele, ya sehemu au ya mwili mzima, ili kutofautisha. Musawo anapotafsiri kichwani kwa haraka, neno la mbele linaanguka njiani, na mama anaambiwa "ganzi" kwa kitu ambacho si ganzi. Luganda nacho hakiokoi hapa: kusannyalala ni kufa ganzi na pia ni kupooza. Si ajabu basi mtu akihofu kwamba akitiwa ganzi kwenye kizazi hatatembea kurudi stendi. Atatembea. Inayolegeza miguu kwa saa kadhaa ni ganzi ya mgongo, ile ya wanaojifungua kwa upasuaji, na hiyo haidungwi kwa ajili ya kitanzi peke yake.

Ili kuona ganzi inasaidia wapi, lazima kujua panapouma ni wapi. Kitanzi cha shaba aina ya T380A, ambacho wengi hukiita koili, kina urefu wa milimita 36 na mabawa yake yana upana wa milimita 32, lakini huingia yakiwa yamekunjwa ndani ya mrija mwembamba. Kabla ya hapo kuna spekulamu, inayopanua uke. Hiyo inabana tu. Halafu kuna koleo yenye meno inayoshika mlango wa kizazi ili kizazi kinyooke; hapo wengi hushtuka, ni kama kufinywa kwa ndani. Kisha kijiti cha chuma kinapita kupima kina cha kizazi, kwa kawaida sentimita 6 hadi 9, na tumbo linakaza kama siku ya kwanza ya hedhi. Mrija wa kitanzi unapita njia hiyohiyo na kugusa juu kabisa. Vyote vikienda sawa ni dakika chache. Mkazo wa tumbo unaofuata ndio unaoweza kwenda saa kadhaa, hata siku mbili tatu.

Kuna anayesema kizazi hakina neva za maumivu. Zipo, na zinapita njia mbili. Za mlango wa kizazi huingia uti wa mgongo chini kabisa, kwenye sakramu, ule mfupa wa mgongo ulio kati ya nyonga, ya 2 hadi ya 4. Za sehemu ya juu ya kizazi huingia juu zaidi, kati ya pingili ya 10 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Ganzi inayodungwa kuzunguka mlango wa kizazi huzima vizuri ile njia ya chini: koleo haiumi sana, mrija unapita. Lakini kitanzi kinapogusa juu, mama anaweza kuhisi mkazo, na hiyo haimaanishi ganzi imekataa kushika. Asiyeambiwa jambo hili mapema atasema alidanganywa, naye atakuwa na haki.

Dawa inayotumika ni lidokeini. Wengi Uganda huiita lignokeini, ni kitu kimoja. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mwisho wa jina lake ni mkia wa kokeini, dawa ambayo Carl Koller aliitumia kutia ganzi jicho huko Vienna mwaka 1884. Undugu umebaki kwenye jina, lidokeini haileweshi. Utaratibu unaojulikana zaidi ni mililita 20 za lidokeini ya asilimia 1: mililita 2 hudungwa pale koleo itakaposhika, 18 zinazobaki hugawanywa sehemu nne kuzunguka mlango wa kizazi, kwa kina cha sentimita 3 hivi. Kisha mtu anangoja dakika 3. Hizo dakika 3 ndizo huibiwa mara nyingi, foleni ikiwa ndefu: sindano imeingia, koleo inafuata papo hapo, na mama anapata maumivu ya vyote viwili.

Sehemu hizo nne huelezwa kwa namba za uso wa saa: 2, 4, 8 na 10. Msomaji wa Kiswahili akisikia "saa nne" macho yake yanakwenda kwenye 10, na "saa mbili" yanakwenda kwenye 8. Kwa bahati nzuri seti hii ukiihesabu kwa saa zetu inajirudia yenyewe, hakuna kinachoharibika. Hata zile mbili zinazokwepwa, 3 na 9, kwa sababu mishipa mikubwa ya damu ya kizazi hupita pale, ni tatu na tisa kwa hesabu zote mbili. Lakini kule koleo inakoshika juu ni 12 ya uso wa saa, ambayo kwetu ni saa sita. Anayemfundisha mwenzake kwa Kiswahili aonyeshe kwa kidole, asitaje saa.

Kosa la hatari liko kwenye chupa. Lidokeini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita; ya asilimia 2 ina 20. Kiwango cha juu ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, na kisizidi 300 kwa jumla. Mama wa kilo 50 mwisho wake ni 225. Mililita 20 za asilimia 1 ni miligramu 200, yuko salama. Mililita 20 za asilimia 2 ni 400, na hapo amezidishiwa sana. Kama iliyopo ni ya asilimia 2, huchukuliwa mililita 10 zikachanganywa na mililita 10 za maji ya chumvi ya sindano. Kila mara bomba huvutwa nyuma kidogo kabla ya kusukuma, kuona kama damu inaingia. Mama akisema mdomo una ladha ya chuma, masikio yanalia au midomo imekufa ganzi, sindano inasimamishwa palepale, kwa maana kinachofuata kinaweza kuwa degedege. Hapa midomo kufa ganzi ni habari mbaya.

Dawa ikiwapo, kinachoweza kukosekana ni sindano ndefu. Ile fupi ya kudungia mkono haifiki vizuri, na bomba lake linaziba njia ya macho ndani ya spekulamu. Hutumika ndefu kama ya ganzi ya mgongo, ya unene wa namba 22. Na kwa kuwa lidokeini huchoma inapoingia, kuna wanaoongeza mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 8.4 kwa kila mililita 10. Inasaidia.

Jeli ya lidokeini ya asilimia 2 ikipakwa kwenye mlango wa kizazi ni ganzi kwa jina, lakini kazi yake hapo ni ndogo. Ya kupuliza, ya asilimia 10, ina nafuu zaidi. CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipotoa mwongozo wake mwaka 2024 ilisema lidokeini, ya kudungwa au ya kupakwa, huenda ikapunguza maumivu. Na kuhusu misoprostoli ikasema isitumiwe kwa kila mtu. Misoprostoli haimo katika vile vitu vinne. Hulainisha mlango wa kizazi, na yenyewe huleta mkazo wa tumbo, kuhara na baridi. Kumpa mtu kidonge kinachokaza tumbo na kukiita cha kuzuia maumivu ni kulitesa neno na mwenye tumbo.

Vidonge vina nafasi yake, ila si ile wanayopewa. Ibuprofeni miligramu 400 hadi 800, ikimezwa baada ya kula, nusu saa hadi saa moja kabla, haipunguzi sana uchungu wa zile dakika za kuweka. Husaidia mkazo wa baadaye, njiani na nyumbani. Mwenye alsa, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na aspirini, aache hiyo achukue paracetamoli gramu 1. Naprokseni na tramadoli zimeonyesha nafuu kidogo wakati wa kuweka, lakini tramadoli huleta kizunguzungu, si ya mtu anayerudi kwa boda. Chupa ya maji ya moto tumboni, chini ya kitovu, haipo kwenye orodha ya dawa, na inafanya kazi.

Kutulizwa kwa sindano na nusu kaputi ni vya chumba cha upasuaji: chakula kimeachwa saa 6 kabla, kuna mtu wa kusimamia pumzi, na kuna wa kumpeleka mgonjwa nyumbani. Wapo wanaovihitaji hasa, kama aliyewahi kujaribiwa akashindwa kabisa kuvumilia, au aliyedhulumiwa mwili wake na hawezi kuguswa. Anayewekewa kitanzi papo hapo akijifungua kwa upasuaji kwa kawaida tayari ana ganzi ya mgongo, hana la kuomba. Na anayezimia kwa dakika moja mlango wa kizazi unapoguswa hakupigwa nusu kaputi kwa siri: ni neva inayopunguza mapigo ya moyo. Hulazwa chali, miguu ikainuliwa, akarudi.

Anayeumia zaidi mara nyingi ni ambaye hajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida, na ambaye hedhi yake huuma sana. Hao waulize mapema, kabla ya kupanda kitandani, na waulize kwa neno sahihi. Ukisema "mnilaze," utajibiwa kweli kwamba hapa hatulazi watu. Ukisema "mnipe dawa ya maumivu," utaletewa vidonge. Swali ni hili: "Mnatia ganzi kwenye mlango wa kizazi?" Inawezekana jibu likawa hapana kwa sababu aliyepo zamu hakufundishwa, na hilo ni jibu la haki. Lakini ukiambiwa ganzi yenyewe haipo, na kituo hicho kinaweka vipandikizi, vile vijiti vya kuzuia mimba vinavyoingizwa chini ya ngozi ya mkono, muulize musawo kwa upole ile anayodunga mkononi kabla ya kuingiza kipandikizi inaitwaje.