Kunyoosha meno ukubwani bila watu kujua

Mwalimu mmoja wa madrasa wa Old Kampala, ambaye ameniruhusu nimsimulie bila jina, aliziba mdomo kwa kiganja kabla hajacheka. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yamepandana. Swali lake naulizwa na karibu kila mtu mzima anayekuja kwangu: "Daktari, hamna kitu kisichoonekana?"

Kipo, tena vipo vitatu. Lakini kabla sijamwonyesha hata kimoja, nilimpima fizi. Jino halisogei kama kigingi kwenye udongo. Limeshikwa mfupani na nyuzinyuzi laini. Ukilisukuma polepole, mfupa wa mbele yake huyeyushwa na seli za mwili, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Kazi hiyo ina mwendo wake, takriban milimita 1 kwa mwezi, na haiharakishwi kwa kukaza waya. Fizi zikiwa zinatoa damu na mfupa umeanza kulika, tunatibu hayo kwanza. La sivyo tunalisindikiza jino mlangoni. Miaka 40 au 50 peke yake si kizuizi. Ila taya la mtu mzima limekwisha kukua, kwa hiyo lililojitokeza au kurudi nyuma mno huenda likahitaji upasuaji, si waya tu.

Hapa Uganda huwa nauliza na jambo jingine: ulipokuwa mchanga, uling'olewa ebiino? Wasomaji wa Tanzania wataijua mila hii kwa jina la meno ya plastiki. Mtoto ana homa au anaharisha, ufizi unaonekana kuvimba pale chonge inapotaka kuota, basi kinachimbuliwa kile kinachodhaniwa ni jino bovu. Kumbe ni chonge changa ya utotoni, na chini yake imelala mbegu ya chonge ya ukubwani, ambayo nayo huumia. Miaka 30 baadaye mtu anakuja akilalamika kwamba meno yamekwenda upande, na picha ya eksirei inaonyesha kwamba chonge haipo. Hapo swali la kifaa linasubiri. Kwanza tunaamua kama nafasi ile tutaifunga au tutaiacha kwa ajili ya jino la bandia.

Mwalimu chonge zake zilikuwepo zote, kwa hiyo tukaanza kuchagua.

Braketi za kauri ni ndugu wa vile vyuma mnavyovijua, ila zina rangi ya jino. Ukiwa ng'ambo ya meza huzioni, ukisogea utaziona. Kauri haishiki rangi ya manjano, ila viraba vidogo vinavyofunga waya hushika haraka sana. Navibadilisha kila mwezi, na huwaambia wagonjwa wangu: mchuzi wa manjano ule siku moja kabla ya kuja kwangu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kauri ni ngumu kuliko jino. Kama meno yako ya juu yanafunika sana ya chini, siziweki chini, zitayasaga ya juu.

Cha pili ni waya wa nyuma ya meno, upande wa ulimi. Ulibuniwa miaka ya 1970, na Kinya Fujita kule Japani na Craven Kurz kule Marekani. Huo ndio usioonekana kwelikweli. Lakini ulimi unaujua! Wiki za mwanzo huchubuka, na mtu hupata kithembe. Mwalimu akanieleza jambo ambalo chuoni sikufundishwa: herufi za Kiarabu sini, swadi na zai hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa karibu na meno ya mbele ya chini. Akaukataa palepale, nami sikumbembeleza.

Kilichobaki ni trei za plastiki angavu. Invisalign, zinazojulikana zaidi, ni za kampuni ya Align Technology iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Tunachukua umbo la meno, kompyuta inapanga safari, kisha unavaa trei moja baada ya nyingine, kila moja ikisogeza jino kama robo milimita. Watu hawaambiwi kwamba mara nyingi tunabandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili trei ipate pa kushika, na kwamba meno ya mviringo kama chonge huzungushwa kwa taabu. Pia ni kifaa cha mtu mkweli: saa 20 hadi 22 kwa siku, unavua kwa chakula na kwa kila kinywaji isipokuwa maji. Anayenywa chai ya maziwa kidogokidogo asubuhi nzima ofisini, simpi.

Ramadhani je? Mchana ni rahisi kuliko miezi mingine. Hesabu inaharibika baada ya magharibi: futari, chakula cha usiku, daku. Mwalimu, aliyechagua trei, alijiwekea kengele kwenye simu, akafikisha saa 21 kwa siku.

Neno moja kuhusu mwanya. Huku kwetu ni uzuri, kwa hiyo anayetaka kuufunga namuuliza mara mbili. Ila asijifunge kiraba mwenyewe kama anavyoona kwenye intaneti. Kiraba huteleza chini ya ufizi, kikapanda kwenye mzizi, na jino zima likang'oka.

Mwalimu alimaliza baada ya miezi 11. Meno yaliyonyooshwa hutaka kurudi yalikotoka, hivyo nilimbandikia waya mwembamba nyuma ya meno ya chini, nao hautatoka. Ndiyo, upande uleule wa ulimi. Siku mbili za mwanzo, aliniambia, sini yake ilipiga mluzi kidogo. Mwanafunzi mmoja wa mbele akainua macho, kisha akaendelea kusoma.