Je, wajua? Chokaa haiyeyushi maiti

Katika riwaya ya The Thin Man, iliyotoka mwaka 1934, Dashiell Hammett anawapa polisi wa New York kitendawili. Wamefukua sakafu ya karakana ya mvumbuzi mmoja na kukuta mifupa ya mtu aliyekatwa vipande na kufukiwa kwa chokaa. Nyama karibu yote imekwisha. Ila hapo hapo kuna furushi la nguo, nazo ni za mtu mnene, pamoja na kipande cha mkongojo. Polisi hawachelewi: marehemu alikuwa mnene, tena huenda alichechemea.

Nick Charles, mpelelezi aliyestaafu, anajiuliza swali moja tu. Mtu aliyehangaika kiasi hicho kuuangamiza mwili, nguo aliziachia nini? Aliziacha ili zionekane. Mwenye mifupa alikuwa mwembamba: ni yule mvumbuzi mwenyewe. (Kama hujaisoma, niwie radhi, kitabu kina zaidi ya miaka 90, na jina la muuaji silitaji.)

Hoja hiyo ni ya mtu aliyeijua kazi, maana Hammett mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton. Kwenye chokaa ndipo alipoteleza.

Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka na kutoa joto kali. Huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho, na bila shaka ndiyo maana watu wakaamini kwamba inakula hata mifupa. Lakini joto hilo halidumu. Kinachobaki ni chokaa iliyozimwa, yenye ualikali mkali ambao bakteria wengi hawauvumilii, na bakteria ndio wanaoozesha. Isitoshe, chokaa isiyozimwa hunyonya unyevu wa mwili inapojizima, kisha taratibu hushikana na hewa ya kaboni dioksidi na kuwa gamba gumu. Mwili unakauka ndani ya gamba hilo. Utaoza hatimaye, ila kwa kuchelewa sana.

Mtafiti Eline Schotsmans na wenzake walilipima jambo hili kwa kufukia mizoga ya nguruwe, mingine kwa chokaa, mingine bila. Matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha kuwa chokaa, iliyozimwa na isiyozimwa, ilichelewesha kuoza.

Harry Dobkin wa London hakuyajua hayo. Mkewe Rachel alitoweka Aprili 1941, wakati mji unapigwa mabomu, na mwili ukapatikana Julai 1942 chini ya kanisa lililobomoka huko Vauxhall. Aliyeuficha alitumaini utahesabiwa miongoni mwa waliouawa na mabomu. Ulikuwa umekatwakatwa na kumwagiwa chokaa iliyozimwa. Daktari Keith Simpson alipoichunguza shingo, akakuta koo limehifadhika vizuri kiasi cha kuonyesha jeraha la kunyongwa kwa mikono. Bomu halikabi mtu koo. Meno yakathibitisha marehemu ni nani, na Dobkin akanyongwa Januari 1943. Ushahidi uliomtia hatiani ulitunzwa na chokaa ile ile.

Mbona basi imani hii haifi? Nadhani ni kwa sababu ya harufu. Chokaa hupunguza uvundo, ndiyo maana humwagwa hata kwenye vyoo vya shimo. Kaburi lisilonuka humfanya mtu adhani hakuna kilichobaki ndani. Washairi nao walichangia: Oscar Wilde, aliyefungwa gereza la Reading, aliandika mwaka 1898 kuhusu chokaa inayomla aliyenyongwa, nyama kwa mfupa.

Turudi New York. Mvumbuzi wa Hammett alikuwa ardhini kwa miezi michache tu. Kwa chokaa halisi, polisi wangekuta vipande vilivyokauka, vingi bado na ngozi yake. Daktari angevitazama, akatazama na ile suruali pana, akasema hapo hapo kwamba si ya huyu, na Nick Charles angeendelea na kinywaji chake bila kusumbuliwa.