Si dawa iliyoua samaki, ni minyoo yenyewe

Wengi hutia dawa ya minyoo bapa kwenye tangi la matumbawe, asubuhi wanakuta samaki wamekufa, wanailaumu dawa. Mara nyingi kilichoua ni utomvu wenye sumu unaotoka kwenye minyoo inapokufa kwa mamia kwa mpigo, na tangi dogo halina maji ya kuuzimua.

Kwanza hakikisha ni wenyewe. Convolutriloba, mnyoo bapa tunayemzungumzia hapa, ana rangi ya kutu, urefu wa milimita chache, na mkia wenye ncha tatu. Hujazana penye mwanga mkali, kwa sababu hubeba mwani mwilini. Vijinyoo vyeupe vya kwenye kioo viache. Wale wa kula Acropora, aina ya tumbawe, ni kesi nyingine kabisa: tumbawe huchovywa kwenye dawa nje ya tangi.

Kazi kubwa ni kabla ya dawa. Kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, nyonya minyoo kila siku kwa wiki nzima, maji yakipita kwenye kitambaa. Siku ya dawa, tangi la lita 60 likiwa na mawe huenda lina maji lita 48 tu. Pima dawa kwa hizo 48. Andaa mapema lita 20 za maji ya chumvi na gramu 100 za mkaa amilifu, ule wa kunyonya sumu majini. Minyoo ikianza kubanduka, inyonye papo hapo, badilisha maji, weka mkaa. Samaki akihema kwa kasi, usingoje muda wa kwenye chupa uishe.

Rudia baada ya wiki. Aliyebaki mmoja huzaa kwa kuchipua.