Je, wajua kwa nini mwanamazingira Wangari Maathai, akitetea Uhuru Park, ile bustani ya umma katikati ya Nairobi, aliitaja Hyde Park ya London?

Mwaka wa 1989 serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, liwe la gazeti la Kenya Times, na sanamu ya rais iwekwe hapo hapo. Wangari akashika kalamu, akaandikia ofisi kadhaa, mojawapo ikiwa ya balozi wa Uingereza hapa Nairobi, Sir John Johnson. Akamwambia hiyo ni sawa na mtu ajenge mnara ndani ya Hyde Park kule London, ama Central Park ya New York.

Sasa mbona Hyde Park? Kwa sababu balozi angeweza kuambiwa siku nzima vile watu wa Kawangware na Kibera huleta watoto Uhuru Park Jumapili, wapigwe picha, wapande boti, walale kwa nyasi bure, na asisikie chochote. Lakini Hyde Park anaijua, huko hata huhitaji kumweleza mbona haiguswi, anajijibu mwenyewe.

Na kwa nini huyo balozi, na yeye hakuwa anatoa vibali vya ujenzi Nairobi? Ni kwamba mmoja wa washirika wa mradi alikuwa tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell, kwa hivyo balozi aliombwa kitu alicho na njia ya kukifanya. Hapa ndio wengi wetu hukosea, tunaandika malalamiko matamu kabisa kwa mtu asiye na uwezo wowote juu ya hiyo kitu.

Bungeni Wangari alitukanwa sana, lakini wawekezaji walijitoa na mapema 1990 mradi ukafa. Sisemi ni barua hiyo moja iliuua, kelele zilikuwa nyingi.

Sisi kwa ploti yetu tulijifunza kwa uchungu. Maji yalipotea wiki mbili, tukaandikia landlodi vile tunateseka, watoto hawaogi, tukaweka hadi emoji za kulia. Kimya. Si yeye anaoga hapo. Tukaandika tena, mistari mitatu tu, kwamba nyumba nne zitahama mwisho wa mwezi (na ilikuwa kweli, usitishie mtu na uongo) na hiyo ni kodi ya nyumba nne. Tangi likaletwa Jumamosi.