Marufuku ya mbegu za mbwa: maana yake ni nini?

Katika mitaa ya Mikocheni, Mbezi Beach na Tabata jijini Dar es Salaam, mageti mengi yana kibao chenye maneno mawili, "Mbwa Mkali", na mpita njia huelewa mara moja kwamba anaonywa juu ya mbwa yule mmoja aliye nyuma ya ukuta, awe wa mbegu ya nje au mbwa koko aliyelelewa tangu akiwa mtoto. Kibao hakitaji mbegu, kwa kuwa kinachomhusu mgeni ni tabia. Sheria zinazopiga marufuku mbegu fulani za mbwa hufuata njia nyingine: hazingoji mbwa ang'ate, bali humhesabu kuwa hatari kwa sababu ya mbegu anayotoka au, kwa usahihi zaidi, anayofanana nayo.

Ukali wa sheria hizo hutofautiana. Nyingine hukataza kumiliki, kuzalisha, kuuza na kuingiza nchini mbwa wa mbegu zilizotajwa, na nyingine humruhusu mwenye mbwa kubaki naye kwa masharti.

Mfano unaojulikana zaidi ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari, iliyopiga marufuku aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Aina ya tano, XL Bully, iliongezwa baadaye, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa katika England na Wales kuwa na mbwa huyo bila cheti cha msamaha. Mwenye cheti hulazimika kumhasi mbwa wake, kumwekea kichipu cha utambulisho chini ya ngozi, kumkatia bima, na kila anapomtoa nje kumfunga kamba na kumfunika mdomo.

Sheria hiyo huzungumzia "aina", wala si mbegu iliyothibitishwa kwa nasaba. Mbwa hupimwa kwa umbo lake, yaani kichwa, kifua, miguu na uwiano wa mwili, hata kama wazazi wake hawajulikani. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kukua, mmoja akawa halali na mwenzake haramu. Zaidi ya hayo, mbwa akidaiwa kuwa wa aina iliyokatazwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba siye humwangukia mshtakiwa, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko marufuku yenyewe.

Wanaoitetea sheria ya namna hii wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Baadhi ya mbegu hizo zilizalishwa kwa ajili ya mapambano, na mbwa mwenye misuli na taya za namna hiyo akishambulia hata mara moja, jeraha huwa si la kawaida. Hata hivyo, Uholanzi iliiondoa marufuku yake ya mwaka 1993 baada ya takriban miaka 15, kwa kuwa matukio ya kung'atwa hayakupungua, na wapiga kura wa Denver, Marekani, waliifuta mwaka 2020 marufuku ya pit bull iliyokuwapo tangu 1989.

Kwa Dar es Salaam, orodha ya mbegu ingekutana na kikwazo kingine: mbwa wengi wa mitaani ni koko, nao hawana mbegu ya kuulizwa. Hatari yao kubwa, kichaa cha mbwa, haichagui umbo, na ndiyo maana aliyeng'atwa hushauriwa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kuwahi hospitali kupata chanjo, bila kujali mbwa alikuwa wa sura gani.

Isichanganywe, basi, marufuku ya mbegu na sheria inayomwadhibu mwenye mbwa aliyeshindwa kumdhibiti, ingawa sheria ile ile ya Uingereza ina vifungu vya namna zote mbili. Katika kifungu cha marufuku, swali la kwanza ni mbwa huyu ni wa aina gani. Katika kifungu cha pili, ambacho mlinzi yeyote wa geti la Mikocheni angekielewa bila kufafanuliwa, swali ni mbwa alifanya nini na nani alikuwa na wajibu wa kumzuia.