Ukuta mwekundu wa Grand Canyon, na jiwe letu la uwandani

Nikionesha picha za Grand Canyon, lile korongo la jangwani Arizona, Marekani, swali huwa lilelile: mawe yale yameungua? Hayajaungua. Sehemu kubwa ya kuta zake ni mashapo: chokaa, mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka, la chini kongwe kuliko la juu. Ukuta maarufu kuliko yote, Redwall, una takriban miaka milioni 340, nao ni chokaa ya baharini. Ukilivunja jiwe lake, ndani ni kijivu. Wekundu umeletwa na maji ya mvua kutoka tabaka za juu zenye chuma, kama kutu ya bati inavyochirizika kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Kwa Mzanzibari jiwe lililozaliwa baharini si geni. Nenda Kizimkazi maji yakikupwa, usogelee ukingo wa jiwe ulioliwa na bahari kwa chini. Utakuta matumbawe yamesimama vilevile yalivyoota. Ndilo jiwe la uwandani, yaani la ile ardhi yetu ya mawe ya matumbawe. Miamba ya aina hii katika pwani yetu ilikuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo.

Mimi lakini huvutiwa zaidi na chini kabisa ya korongo. Kuna mahali mchanga uliogeuka jiwe, wa miaka milioni 500 hivi, umelala moja kwa moja juu ya shisti ya Vishnu, jiwe lililogeuzwa kwa joto na mkandamizo chini ya ardhi, lenye miaka kama milioni 1,700. Katikati hamna kitu! Zaidi ya miaka bilioni 1 haikuacha hata kokoto, na kiganja kimoja kinatosha kugusa pande zote mbili. Milima iliinuka pale, ikalika hadi mizizi, ndipo bahari ikaja kutandaza mchanga.

Mto Colorado wenyewe ulikuja juzi tu: umechimba kwa miaka milioni 5 au 6, baada ya nchi nzima kuinuka. Jiwe gumu hubaki wima, la tope hubomoka likawa mteremko, ndiyo sababu kuta za korongo zina umbo la ngazi.

Unguja hupata mvua nyingi kuliko Arizona, ila korongo hatuna. Nchi yetu ni ya chini, mto hauna pa kuporomokea; na uwandani maji hayakai juu, hupenya kwenye nyufa za jiwe na kulitafuna kwa ndani. Ndiyo maana huko watu walizoea kuteka maji pangoni.