Pumu, unene na dawa ya kisukari: maswali ya wazazi wa Moshi

Nasikia dawa ya kisukari inaponya pumu kwa watoto wanene. Kweli?

Inajaribiwa, haijathibitishwa. Zinazotajwa zaidi ni sindano za kundi la GLP-1, zinazoiga homoni ya utumbo inayosaidia kudhibiti sukari na hamu ya kula, kama semaglutaidi. Desemba 2022 Marekani iliiruhusu kwa watoto wenye unene uliopitiliza, kuanzia miaka 12. Ni kwa ajili ya unene, si pumu. Mwaka 2021 watafiti wa Boston walipekua rekodi za watu wazima wenye kisukari na pumu, wakaona waliochomwa sindano hizo walibanwa kifua mara chache kuliko waliotumia dawa nyingine za kisukari. Ila rekodi hazisemi kama ni dawa yenyewe au jambo lingine, na wale hawakuwa watoto. Hapo ndipo jaribio linapohitajika.

Sukari na kifua vinakutania wapi?

Kwenye mafuta. Tumbo likinenepa, mapafu hukosa nafasi ya kutanuka vizuri. Tena mafuta hayakai kimya: hutoa kemikali, leptini mojawapo, zinazochochea uvimbe mwilini. Insulini, homoni inayoshusha sukari, nayo ikikaa juu muda mrefu, misuli ya njia za hewa huwa myepesi kubana. Hilo limeonekana maabara. Ndiyo maana mtoto mnene mara nyingi hapati nafuu kubwa kwa inhela ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe, kama mwenzake mwembamba. Na kwa kuwa vipokezi vya GLP-1, yaani sehemu za seli ambazo dawa hiyo hushikia, vipo hata kwenye mapafu, huenda sindano hizo zikasaidia zaidi ya kupunguza uzito. Huenda.

Bibi yake ana metformini ndani. Nimpe nusu kidonge?

Usithubutu. Kwanza, metformini ni kidonge cha kisukari, dawa tofauti na hizo sindano. Pili, kabla mtoto hajaandikiwa, daktari huangalia figo zake, na hata hapo inaweza kumharisha na kumtapisha. Isitoshe, si kila dawa ya kisukari inafaa kifua: pioglitazoni ilijaribiwa kwa watu wazima wanene wenye pumu, matokeo yakatoka 2015. Pumu haikupungua, uzito ukaongezeka.

Watafiti wakija huku, nimwandikishe?

Waombe wakuonyeshe kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wewe mzazi unasaini, na mtoto anayejielewa naye anaulizwa, akikataa, basi. Watoto hugawanywa kwa bahati nasibu: wengine hupata dawa, wengine sindano inayofanana nayo isiyo na dawa, na mara nyingi hata daktari anayewapima hajui nani kapata ipi. Ukiambiwa mtoto aache inhela yake, uliza kwa nini kabla hujashika kalamu. Ukiambiwa ulipie dawa ya majaribio, ondoka.

Kwa sasa nifanye nini?

Mimi ningeanza na inhela, kwa sababu wengi wanaitumia vibaya. Ya bluu, salbutamol, hufungua kifua kwa muda tu. Ya steroidi ndiyo hutuliza uvimbe, na hutumika kila siku hata asipokohoa. Kama huna spesa, kile chombo cha kupitishia dawa ya inhela kwenda mdomoni, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni na iache ikauke yenyewe. Toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi. Mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, ubonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano. Baada ya steroidi asukutue, ateme.

Uzito usimpunguzie kwa njaa. Ondoa soda, chipsi ziwe za siku moja moja, na mwache acheze mpira. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii. Moshi wa kuni uhamishie nje.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri kukuche. Mpe ya bluu kwa chupa, endelea kumpa njiani, muwahi hospitali ya Mawenzi au KCMC.